Barakoa ya mpira ya 45,000 na bado napenga vumbi la mninga: nimepigwa au nakosea wapi?

#1 RandaKavu (Mbeya)
Wakuu, habari za jioni.

Nina karakana ndogo hapa Mwanjelwa, mimi na madogo wawili. Vitanda, makabati, milango. Paina tunachukua Mafinga na Njombe, mninga unatoka Chunya. Miaka yote nilikuwa najifunga tisheti kuukuu puani kama mwizi wa ng'ombe, kipindi cha korona nikahamia zile za buluu za hospitali. Mwezi uliopita nikaamua kujipenda: nikaagiza Dar barakoa ya mpira, ile ya nusu uso yenye makopo mawili meusi pembeni, ukiivaa unafanana na nzige. 45,000, hapo sijahesabu nauli ya kifurushi kwenye basi.

Sasa Jumamosi nimepiga msasa vitanda viwili vya mninga kwa mashine, kutwa nzima barakoa iko usoni. Jioni napenga kamasi: jekundu kama tope la matofali. Usiku kifua kinawasha, nimekohoa mpaka mama watoto akahamia chumba cha watoto.

Nimeuziwa feki? Au hizi si za kazi ya mbao kabisa? Na kama si hizi, ninunue ipi ya kuosha na kuirudia, maana za kutupa zinanimaliza. Mwenye uzoefu anisaidie, mwenye utani aje baadaye.

#2 MnyaluAsilia
Kamwene mkuu. Mwenye utani nimeshawahi, nimekaa hapa na ulanzi wangu. Wajuzi waje.

#3 TundumaKwetu
Umepigwa hiyo. Mimi nilinunua ya 18,000 mpakani, iko hivyo hivyo, makopo mawili hayo hayo meusi.

#4 MnyaluAsilia
Na bado unayo?

#5 TundumaKwetu
Ilikatika mkanda siku ya tatu. Lakini siku mbili za mwanzo ilikuwa barakoa kweli kweli.

#6 BwanaMsasa (Iringa)
Mtoa mada, usimlaumu muuzaji kwanza. Tazama rangi ya makopo yako. Kwa mpangilio wa Kimarekani, kopo jeusi ni la mvuke: thina, vanishi, rangi za mafuta. La vumbi huwa na rangi kati ya pinki na zambarau, linaandikwa P100. Kwa mpangilio wa Ulaya, mvuke wa aina hiyo ni kahawia na vumbi ni nyeupe, linaandikwa P1, P2 au P3. Wewe umenunua barakoa ya kupulizia rangi, ukaenda nayo kwenye msasa.

Ndani ya hilo kopo jeusi kuna punje za mkaa. Mkaa kazi yake ni kushika harufu na mvuke, haukupimwa kwa ajili ya vumbi. Ndiyo maana kwenye boksi lake hutakiwi kukosa visahani viwili vya pamba nyeupe na vifuniko vya plastiki vya kuzibania mbele ya kopo. Hizo pamba ndizo chujio la vumbi. Zako ziko wapi?

#7 RandaKavu
Mkuu @BwanaMsasa, pamba zilikuwepo. Nilizitoa siku ya kwanza, zilikuwa zinanibana pumzi. Dogo amezipakia vanishi.

#8 MnyaluAsilia
Kwamba umelipa 45,000, ukatoa chujio, ukamwachia dogo brashi mbili za vanishi za bei mbaya kuliko zote Nyanda za Juu Kusini.

#9 TukuyuMvua
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Uzi ufungwe, jibu limepatikana.

#10 Fremu6x2 (Makambako)
Usifungwe bado. Namheshimu sana @BwanaMsasa ila #6 haielezi kamasi jekundu. Vumbi linalopenya kwenye punje za mkaa ni lile jembamba kabisa, ambalo hata hulioni. Lile zito la kupaka rangi kwenye kamasi, mkaa wenyewe ungelizuia sehemu kubwa, pamba iwepo isiwepo. Ukiona kamasi limebadilika rangi, hewa haikupita kwenye kopo, imepita pembeni. Pua, mashavu, kidevu. Hewa ni mvivu, inapita penye njia nyepesi.

Fanya hivi. Vaa barakoa, ziba makopo yote mawili kwa viganja, vuta pumzi taratibu. Mpira unatakiwa ujinyonye usoni na ubaki hivyo. Ukisikia hewa inaingia karibu na macho au kidevuni, hapo ndipo mninga ulipopita. Kisha ziba ile vali ya mbele ya kutolea hewa, pumua nje kidogo: barakoa ivimbe bila kuvuja. Sekunde kumi tu, na ni kila unapovaa, si siku ya kununua peke yake.

#11 KinyoziKabwe
Ngoja niulize swali la kitaalamu. Mtoa mada, una ndevu?

#12 RandaKavu
Ninazo. Si nyingi. Za heshima.

#13 KinyoziKabwe
Hakuna barakoa ya mpira inayobana juu ya ndevu. Mpira ukutane na ngozi tupu. Hata za siku mbili tatu, zile za kuchoma choma, zinaacha vijia vya hewa. Mustachi unaruhusiwa usipofika kwenye ukingo wa mpira. Njoo Kabwe, kwa ajili ya afya ya taifa nakupunguzia.

#14 MnyaluAsilia
Mnaona biashara inavyotafutwa? Mtu katoka kuuliza kifua ameshapewa miadi ya kunyolewa.

#15 KinyoziKabwe
Mimi mwenyewe navaa barakoa nikinyoa, najua ninachosema. Nywele nazo ni vumbi.

#16 MzeeWaShimo (Mufindi)
Vijana shikamooni mnisamehe kwa kuingilia. (Natania, ninyi ndio mnaopaswa kuniamkia.) Mimi nimepasua mbao kwa msumeno wa shimo, mmoja juu ya gogo, mmoja chini. Mimi nilikuwa wa chini, pumba zote zangu. Hatukuvaa chochote. Jioni lita moja ya maziwa, asubuhi kazini. Leo nina miaka 71 na napanda kilima cha kwangu bila fimbo. Maziwa yanaosha kifua. Hizo plastiki ni za kuwatoa hela.

#17 TukuyuMvua
Marahaba mzee. Ngoja: shikamoo mzee.

#18 NesiKijijini
Shikamoo mzee wetu. Nikuombe radhi: maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, njia zinaachana kooni. Maziwa yanaweza kulainisha koo ukahisi nafuu, lakini hayafiki liliko vumbi.

Mtoa mada, kikohozi kimeanza lini hasa? Kama kimefikisha wiki mbili usiendelee kusoma uzi, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Wapo mafundi tuliowapokea wakisema "ni vumbi tu", na wakati huo wanalala chumba kimoja na watoto.

#19 RandaKavu
Dada @NesiKijijini, kikohozi kinakuja Jumamosi na Jumapili, Jumanne kimeisha. Kinarudi nikishika mninga. Nikifanya paina wiki nzima, kimya.

#20 Fremu6x2
Mzee @MzeeWaShimo, shikamoo. Hapo kuna tofauti ambayo nadhani hata wewe utaikubali. Mlikuwa mnapasua gogo bichi, nje, na pumba zile ni nene, zinadondoka miguuni. Hata leo ukisimama karibu na dingdong (mashine ya kupasulia magogo) huko Sao Hill unaona pumba zinarundikana chini, zina unyevu. Mashine ya msasa juu ya mninga mkavu, ndani ya chumba cha mabati chenye mlango mmoja, inatoa unga. Unga haudondoki haraka, unaelea. Unaweza kuzima mashine ukala, ukarudi, bado uko hewani. Kazi ni mbao zote mbili, ila si vumbi moja.

#21 MzeeWaShimo
Hapo umesema. Tulikuwa tukifunga kitambaa tukipiga msasa, nimekumbuka. Lakini maziwa siachi.

#22 Kisarawe2Mafinga
Kwa wanaosema mbao ni kitu cha asili haina madhara: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 mwaka 1995. Kundi la 1 maana yake ushahidi umetosha kwamba linasababisha saratani kwa binadamu. Ni saratani ya ndani ya pua na mianzi yake. Ilianza kuonekana miaka ya 1960 kwa mafundi samani wa High Wycombe huko Uingereza, mji wa viti. Madaktari waliona saratani ambayo ni adimu sana inakuja kwa watu wa kazi moja.

Simtishi mtu. Ni adimu na inachukua miaka mingi. Ila ile "tisheti kuukuu" ya #1 iachwe kabisa.

#23 TukuyuMvua
Sasa mbona mnamzungusha? Anunue N95 za kukunja, amalize. N95, KN95, FFP2, zote kitu kimoja majina tofauti.

#24 BwanaMsasa
Karibu sawa, si kitu kimoja. N95 ni kipimo cha Marekani, inazuia angalau asilimia 95 ya chembe za kama mikroni 0.3, saizi ambayo ni ngumu kunaswa. FFP2 ni ya Ulaya, asilimia 94. FFP1 ni 80, FFP3 ni 99. P100 ya kwenye barakoa ya mpira ni 99.97. Unywele wa @KinyoziKabwe una kama mikroni 70, mpate picha.

Lakini namuunga mkono @Fremu6x2 (nimesoma #10 mara mbili na nimekubali kiasi). Asilimia 99.97 kwenye chujio haina maana ukingo ukivuja. N95 iliyokaa vizuri inaishinda P100 inayopwaya. Na zile za buluu za hospitali hazikutengenezwa kubana kabisa, zile ni za kuzuia mate ya daktari yasimwangukie mgonjwa.

#25 MamaKukuUyole
Samahani, naingia kwa mguu mmoja. Hizi za mpira zinafaa kwenye banda la kuku?

#26 MnyaluAsilia
Mama subiri foleni, bado tuko kwenye kitanda cha mninga.

#27 DogoWaRuta (Njombe)
Mimi nina dhana nyingine na hakuna aliyeitaja. Saizi. Barakoa za mpira zina ndogo, ya kati na kubwa. Kwenye zile za 3M zinazojulikana sana, 6100 ni ndogo, 6200 ya kati, 6300 kubwa. Watu wanaagiza yoyote iliyopo dukani. Mimi uso wangu mwembamba, nilivaa ya kati miezi mitano, kila nikicheka inaachia shavuni. Nikapata ndogo, ikakaa. Mtoa mada tazama ndani ya mpira, huwa imeandikwa.

Na jambo la pili, baridi. Mwezi wa sita huku kwetu asubuhi mpira wa bei rahisi unakakamaa kama soli. Unauvaa haukunji mpaka upate joto la uso. Za silikoni zinabaki laini, ila bei imesimama.

#28 RandaKavu
Nimetazama. Imeandikwa M. Na chini yake kuna maandishi ya Kichina ambayo sijui yanasema nini, labda yanasema "usitoe pamba".

#29 MnyaluAsilia
😂😂 umeshakubali mwenyewe.

#30 MtiDawa (Mafinga)
Naweka angalizo la pembeni. Msasa na msumeno juu ya mbao au vipande vya nguzo vilivyotiwa ile dawa ya kijani ni habari nyingine. Ile ina shaba, kromu na aseniki. Nimeona watu wanabeba mabaki ya nguzo wanatengeneza viti vya bustani, wanapiga grinda bila kitu puani, na vipande vidogo wanapikia. Usipikie. Moshi na majivu yake ni sumu. Ukilazimika kuikata, kata nje, P100 au P3, nguo ufue peke yake.

#31 Fremu6x2
Naunga mkono. Na MDF pia, zile mbao za kiwandani za unga wa mti na gundi. Watu wanaidharau kwa sababu haina harufu ya mti, kumbe vumbi lake ni jembamba na gundi yake ina fomaldehaidi.

#32 FundiKimya
Nasoma tu huu uzi tangu jana. Wote mmejadili alipovaa. Hakuna aliyeuliza alipovua. @RandaKavu, baada ya msasa ulifanya nini?

#33 RandaKavu
Nilizima mashine, nikavua, nikafagia karakana na madogo. Halafu tukajipuliza nguo kwa kompresa kama kawaida.

#34 FundiKimya
Basi.

#35 BwanaMsasa
Huyu @FundiKimya anaandika mara moja kwa mwaka ila akiandika!

Ni kweli, kufagia kukavu kunaamsha unga wote wa siku nzima na kuuleta usawa wa pua. Na kompresa kwenye nguo ndiyo mbaya zaidi, unapulizia vumbi usoni kwako kwa nguvu ya mashine. Mwaga maji kidogo au changanya pumba mbichi ndipo ufagie, na barakoa ibaki usoni mpaka ufagio urudi ukutani.

#36 Kisarawe2Mafinga
Mnamwacha mninga wenyewe. Tazameni #19: paina kimya, mninga kikohozi. Mafundi wengi wanajua mninga unawasha pua na unaweza kukuletea pumu, mvule vilevile, na mpingo unawasha ngozi. Mwili ukishaukataa mti fulani, vumbi kidogo sana linatosha. Mtu wa hivyo anaweza kuvaa barakoa ya bei yoyote na bado akakohoa, kwa sababu vumbi la kwenye mashuka yaliyo karibu na koti lake la kazi linamtosha. Mimi mvule siugusi tangu 2017. Mikono ilivimba kama maandazi.

#37 TundumaKwetu
Kwa hiyo aache mninga ndiyo jibu? Mteja anataka mninga. Ukimwambia paina anakwenda kwa jirani.

#38 Kisarawe2Mafinga
Sijasema aache. Nimesema barakoa inaweza isiwe na kosa.

#39 NesiKijijini
Na inawezekana kikohozi cha usiku na kamasi jekundu ni vitu viwili tofauti. Kamasi lenye vumbi maana yake pua imefanya kazi yake, imenasa vumbi kubwa. Ninaloogopa mimi ni lile ambalo halikuonekana. Kifua kubana, kupiga filimbi usiku, kuamka saa tisa unatafuta hewa: ukiona hivyo nenda ukapimwe pumu. @RandaKavu unapiga filimbi?

#40 RandaKavu
Mama watoto anasema napiga. Mimi nilidhani nakoroma.

#41 MnyaluAsilia
Hapa sina utani. Nenda kaka.

#42 DingdongNambaMoja
Turudi kwenye mada, kununua. Maana vijana wanasoma hapa wanataka waende dukani. Mimi nina watu saba. Nilianza na za kutupa. Fundi anaivaa siku tatu nne mpaka inakuwa kahawia, kamba inalegea, anaipiga stepla. Nikipiga hesabu ya mwezi nikaona bora ya mpira kila mtu na yake, jina limeandikwa kwa pilot. Visahani vya P100 navibadilisha pale mtu anapoanza kuvuta pumzi kwa shida, au kikipasuka, au kikilowa. Kwa kazi ya kupasua vinakaa muda mrefu, kwa watu wa msasa vinaisha haraka. Sina tarehe ya kuwapa, inategemea vumbi.

Kuosha: toa vichujio kwanza, mpira uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kausha kivulini. Usiusafishe kwa thina wala petroli, mpira unakufa. Chujio la vumbi haliogi na halipulizwi kompresa. Nilikuwa na kijana anazipuliza kila jioni akijisifu anatunza, kumbe anazitoboa.

#43 Fremu6x2
Ongeza vali. Ile ngozi ndogo ya mpira ya kutolea hewa. Unyoya mmoja wa maranda ukikaa chini yake haifungi, kila ukivuta pumzi unavuta kutoka mbele moja kwa moja. Ifungue, ifute. Hii inaweza kuwa sababu yote ya #1 peke yake.

#44 TukuyuMvua
Mpaka sasa ni: pamba, ndevu, saizi, baridi, ufagio, kompresa, mninga, pumu, vali. Tumebakiza kurogwa.

#45 MzeeWaShimo
Na maziwa.

#46 SheriaKiduchu
@DingdongNambaMoja umefanya ambacho sheria inakutaka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Na barakoa ni hatua ya mwisho. Kwanza unatoa vumbi pale linapozaliwa: mfuko kwenye mashine, mdomo wa kunyonya, dirisha la pili. @RandaKavu hao madogo wako wawili wanavaa nini?

#47 RandaKavu
...

#48 SheriaKiduchu
Nimeuliza kwa wema.

#49 RandaKavu
Tisheti.

#50 DogoWaRuta
Duh. Kaka mkubwa kavaa nzige, madogo wamefunga tisheti kwenye vumbi lile lile. Mimi nimekuwa dogo wa karakana miaka sita, nakuambia huwa tunaona na tunanyamaza.

#51 RandaKavu
Limeniingia. Sitajitetea.

#52 RandaKavu
Wakuu narudi na mrejesho, ni Jumapili jioni. Wiki hii nimefanya yafuatayo. Nimenyoa (Kabwe, na kweli alinipunguzia, 500 nzima). Nimepata pamba nyingine pale Sido, zinaingia kwenye vifuniko vyangu. Jaribio la viganja: mara ya kwanza lilivuja puani, nikabana kamba ya nyuma na kuishusha shingoni, likakubali. Nimefungua dirisha la nyuma nikaweka feni inayopuliza nje. Madogo nimewanunulia N95 za kukunja kwa kuanzia. Kufagia tumefagia na maji, barakoa usoni.

Jana mninga tena, kitanda kimoja. Kamasi: safi asilimia kubwa, wekundu kidogo sana. Nilifurahi nikampigia mama mkwe.

Usiku nimekohoa vile vile.

#53 Kisarawe2Mafinga
Mninga. Nilisema.

#54 BwanaMsasa
Subiri. Baada ya msasa ulipaka nini?

#55 RandaKavu
Sanding sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi), kisha vanishi, kwa kupuliza. Na barakoa hiyo hiyo, si mlisema makopo meusi ni ya mvuke?

#56 BwanaMsasa
Makopo yalikuwa yamekaa wapi mwezi mzima?

#57 RandaKavu
Kwenye msumari, juu ya benchi.

#58 BwanaMsasa
Mkaa haujui kama umevaa au hujavaa. Ukiwa wazi unaendelea kunywa mvuke wa karakana usiku na mchana mpaka unashiba. Kopo la mvuke ukimaliza kazi unalifungia kwenye mfuko wa plastiki unaobana au kopo lenye mfuniko. Likishaanza kukuletea harufu ya thina puani ukiwa umevaa, limekwisha. Ulisikia harufu?

#59 RandaKavu
Karakana yangu inanuka thina miaka tisa mkuu, sijui nitofautishe vipi.

#60 Kisarawe2Mafinga
Bado nasema mninga. Wiki ya paina naye anapaka vanishi, mbona hakohoi?

#61 RandaKavu
Paina huwa wateja wanachukua bila vanishi, wanapaka wenyewe.

#62 TukuyuMvua
Eeeh bwana. Hapo kesi imeanza upya.

#63 NesiKijijini
Kaka, wakati hawa wanabishana, Jumatatu hospitali. Mwambie daktari kazi yako, taja mninga na taja sila, taja na filimbi. Na siku ya kupiga msasa usipake siku hiyo hiyo, angalau utajua kipi kinakuliza.

#64 RandaKavu
Ndaga dada. Nimepanga: wiki hii msasa tu, wiki ijayo vanishi tu. Mteja amekasirika, anasema kitanda kimoja hakiwezi kuchukua wiki mbili. Nimemwambia ni cha kisayansi.

#65 MnyaluAsilia
Kitanda cha kisayansi. Bei ipande.

#66 MamaKukuUyole
Foleni imefika? Banda la kuku 400, harufu inachoma macho hadi machozi. Nichukue yenye pinki?

#67 Fremu6x2
Karibu mama. Pinki itakuzuilia vumbi la maranda na manyoya tu. Kinachochoma macho ni amonia, na hiyo kopo lake ni la kijani, Marekani na Ulaya wamekubaliana hapo. Ila nusu uso haifuniki macho, kwa hiyo machozi yatabaki. Anza na kubadilisha maranda yaliyolowa na kufungua pazia.

#68 MamaKukuUyole
Asante mwanangu. Maranda nachukua wapi makavu, ya bei nzuri?

#69 RandaKavu
Mama njoo Mwanjelwa, ninayo viroba sita vya paina. Vya mninga sikupi.